Kura chache, majimbo machache, serikali nzima

Tarehe 17 Januari 1961 watu wa Unguja na Pemba walipiga kura kuchagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Waingereza, na kila mtu alijua kwamba chama kitakachoshika viti vingi ndicho kitakachoviongoza visiwa kuelekea uhuru. Matokeo yalipokusanywa, Afro-Shirazi Party (ASP) kilikuwa na viti 10. Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambacho wengi walikiita Hizbu, kilikuwa na viti 9. Chama cha tatu, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), kilikuwa na viti 3.

Kimoja kati ya vile viti 10 vya ASP kilikuwa cha Chake Chake, Pemba. Kilipatikana kwa tofauti ya kura moja.

Wale wajumbe watatu wa ZPPP ndio walioshika ufunguo wa serikali, lakini hawakukubaliana. Wawili walikwenda upande wa Hizbu, mmoja akaenda upande wa ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Hakuna upande ulioweza kuunda serikali yake, ikawekwa serikali ya muda, na wananchi wakaambiwa warudi kupiga kura tena mwezi Juni mwaka huohuo.

Sasa fikiri. Lau mpiga kura mmoja tu wa Chake Chake angebadilisha mawazo akiwa njiani kwenda kituoni, kiti kile kingeangukia upande mwingine. Hesabu ingeweza kuwa 12 kwa 10, na serikali ingepatikana Januari ileile. Uchaguzi wa Juni, pamoja na damu iliyomwagika siku yake, pengine usingekuwepo.

Makala hii inaeleza jambo hilo: kwa nini katika nchi nyingi uchaguzi wa taifa zima huamuliwa na watu wachache katika majimbo machache, wakati mamilioni ya kura nyingine hazibadilishi kitu. Tutarudi Zanzibar. Kwanza tufanye hesabu.

HESABU YA MAJIMBO MATATU

Chukua nchi ndogo yenye majimbo matatu tu. Kila jimbo lina wapiga kura 1,000. Vyama ni viwili; tuviite Chama cha Mtungi na Chama cha Kinu. Anayepata kura nyingi jimboni anachukua kiti, na chama chenye viti vingi kinaunda serikali.

Jimbo la kwanza linaipenda Mtungi kupita kiasi: Mtungi 900, Kinu 100. Jimbo la pili ni la kuvutana: Kinu 510, Mtungi 490. Jimbo la tatu ni hivyohivyo: Kinu 510, Mtungi 490.

Jumlisha. Mtungi kimepata kura 1,880 nchi nzima. Kinu kimepata 1,120. Lakini Kinu kina viti viwili na Mtungi kina kimoja, kwa hiyo Kinu ndicho kinachounda serikali. Hakuna aliyeiba kura hapo. Kila karatasi imehesabiwa sawasawa.

Tatizo la Mtungi ni kwamba kura zake zimerundikana mahali pamoja. Kushinda kiti kwa kura 900 na kushinda kwa kura 501 ni kiti kilekile kimoja. Zile 399 za ziada ni kama maji unayoendelea kumimina kwenye ndoo iliyokwisha kujaa.

Tazama upande wa pili sasa. Mtungi kinahitaji watu wangapi kubadilisha serikali? Katika jimbo la pili, watu 11 tu wakihama kutoka Kinu kwenda Mtungi, hesabu inakuwa Mtungi 501, Kinu 499. Kiti kimehama, na serikali imehama nacho. Watu 11 kati ya 3,000.

Utaratibu huu ambapo anayeongoza jimboni ndiye mshindi, hata kwa kura moja, hata kama hakufikia nusu ya kura, ndio tuliorithi kutoka kwa Waingereza katika kuchagua wabunge. Kenya, Tanzania na Uganda wote wanautumia kwenye majimbo. Ni utaratibu mwepesi kuuelewa, na unampa kila mwananchi mbunge anayemjua kwa jina. Una faida zake. Lakini hiyo hesabu ya watu 11 imo ndani yake tangu siku ya kwanza.

NGOME, NA MAJIMBO YA KUVUTANA

Wanasiasa wanaigawa nchi katika mafungu mawili. Kuna ngome, yaani majimbo ambayo chama fulani kina uhakika nayo. Huko watu hutania kwamba chama kikisimamisha jiwe, jiwe litachaguliwa. Halafu kuna majimbo ya ushindani mkali, ambako uchaguzi uliopita ulimalizika kwa tofauti ndogo na huu ujao unaweza kwenda popote.

Ukitaka kujua jimbo lako liko fungu gani, huhitaji mtaalamu. Angalia nani anakuja. Katika ngome, chama kinachopendwa hakiji kwa sababu kura ni zake tayari, na chama kisichopendwa hakiji kwa sababu ni kupoteza mafuta ya gari. Katika jimbo la ushindani mkali viongozi wa kitaifa wanapishana barabarani. Helikopta ya kampeni ikitua uwanja wa shule yenu mara ya tatu, jua kuna mtu mjini amepiga hesabu akaliona jimbo lenu linayumba.

Hili lina uzito kwa watu wa vijijini kuliko linavyosemwa. Ahadi ya barabara, ya zahanati au ya bei ya zao haigawanywi kwa kufuata shida. Mara nyingi inafuata ushindani. Vijiji viwili vinaweza kuwa na shida ileile ya maji, kimoja kikasikilizwa kwa sababu kiko kwenye jimbo la kuvutana, kingine kikasubiri kwa sababu kura zake zinajulikana kabla hazijapigwa. Na kusubiri huko kunavikuta vijiji vya ngome ya chama tawala sawa na vile vya ngome ya upinzani.

WALIOTULETEA UTARATIBU HUU NAO UMEWAKUTA

Uingereza hakuna uchaguzi wa rais. Wananchi wanachagua wabunge tu, na kiongozi wa chama kinachoweza kupata wingi bungeni ndiye anayekuwa waziri mkuu. Kwa hiyo majimbo yenye tofauti ndogo yanaweza kumweka au kumwondoa kiongozi wa nchi moja kwa moja.

Mwaka 1951 chama cha Labour kilipata asilimia 48.8 ya kura, karibu milioni 14. Conservative pamoja na washirika wao walipata asilimia 48.0. Labour waliongoza kwa kura, lakini Conservative walipata viti 321 na Labour 295. Winston Churchill akarudi madarakani. Kura za Labour zilikuwa zimerundikana kwenye miji ya viwanda na maeneo ya migodi ya makaa, wakishinda huko kwa maelfu yasiyo na kazi, huku wapinzani wao wakichukua majimbo ya kuvutana kwa tofauti ndogo.

Matokeo hayo hayakuishia Ulaya. Serikali hiyo ya Churchill ndiyo iliyokuwa madarakani London wakati hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952, katika vita dhidi ya Mau Mau. Hatuwezi kusema Labour wangefanya tofauti. Tunachoweza kusema ni kwamba mkulima wa Nyeri, ambaye hakuwa na kura hata moja katika bunge lile, alitawaliwa na serikali iliyoingia kwa kura chache kuliko wapinzani wake.

Februari 1974 kibao kiligeuka. Safari hii Conservative ndio walioongoza kwa kura, na Labour wakaongoza kwa viti, 301 kwa 297. Jimbo la Carmarthen huko Wales Labour walilipata kwa kura 3. Harold Wilson wa Labour akawa waziri mkuu.

WATU 75

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa juzijuzi. Aprili 2017 waziri mkuu Theresa May, aliyekuwa na wingi mdogo bungeni, aliitisha uchaguzi kabla ya wakati ili apate wingi mkubwa. Nchi ilikuwa inajiandaa kutoka kwenye Umoja wa Ulaya na alitaka mkono wenye nguvu kwenye mazungumzo.

Tarehe 8 Juni watu wakapiga kura. Chama chake kilipata kura milioni 13.6, zaidi ya milioni mbili juu ya kile kilichopata mwaka 2015. Kwa kura alipanda. Kwa viti alishuka, akabaki na 317 katika bunge la viti 650.

Pale Kensington, London, kwenye mitaa ya watu wenye fedha nyingi na pia majengo ya watu wa kipato cha chini, kura zilihesabiwa, zikahesabiwa tena, na tena. Wahesabuji walichoka mpaka kazi ikasimamishwa wakaenda kulala. Waliporudi na kumaliza, Labour walikuwa wameshinda kwa kura 20.

Kwingine, Perth and North Perthshire huko Scotland, Conservative walishindwa kwa kura 21. Dudley North kwa 22. Newcastle-under-Lyme kwa 30. Crewe and Nantwich kwa 48.

Ili kugeuza jimbo lililoamuliwa kwa kura 20 unahitaji watu 11 wahame, kwa sababu kila anayehama anapunguza huku na kuongeza kule. Fanya hivyo kwa majimbo yote matano: 11, na 11, na 12, na 16, na 25. Jumla ni watu 75. Wangehama hao, May angekuwa na viti 322. Wingi kamili bungeni ni viti 326, lakini wabunge saba wa Sinn Féin wa Ireland Kaskazini hawaingii bungeni kwa msimamo wao, kwa hiyo 322 zingemtosha kuendesha serikali bila kumtegemea mtu.

Watu 75 wanaenea kwenye basi moja kubwa, wengine wakisimama.

Kwa kuwakosa hao, May alilazimika kukubaliana na chama kidogo cha DUP cha Ireland Kaskazini chenye wabunge 10. Makubaliano hayo yalikuja na pauni bilioni moja za nyongeza kwa ajili ya eneo lao. Hata hivyo mkataba wake wa kutoka Umoja wa Ulaya ulikataliwa bungeni Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, na mwaka huohuo akaondoka madarakani. Si sababu moja tu iliyomwangusha, maana wengi waliompinga walikuwa wa chama chake mwenyewe. Lakini kiongozi mwenye wingi wake anaongea na waasi wa chama kwa sauti nyingine.

Katika uchaguzi huohuo jimbo la North East Fife, pia Scotland, liliamuliwa kwa kura 2.

Mwaka 2024 utaratibu uleule ulitoa sura nyingine. Labour walipata asilimia 33.7 tu ya kura lakini wakachukua viti 411. Kura zao zilikuwa zimetawanyika vizuri, zikiwatosha kushinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Hendon walishinda kwa kura 15. Chama cha Reform kilipata zaidi ya kura milioni nne kikaambulia viti 5, wakati Liberal Democrats, waliopata kura milioni tatu na nusu, walipata viti 72. Kura za Reform zilikuwa zimeenea nchi nzima kama chumvi kidogo kwenye sufuria kubwa. Za Liberal Democrats zilikuwa zimekusanyika kwenye majimbo waliyoyalenga.

Ndiyo maana kurundika sana ni hasara, na kutawanyika sana ni hasara pia. Chama kinachofaidika ni kile ambacho kura zake zinatosha mahali pengi bila kuzidi sana popote.

ZANZIBAR, JUNI 1961 NA JULAI 1963

Turudi visiwani. Baada ya 11 kwa 11 ya Januari, kiti kimoja kiliongezwa ili vyama visiweze kugawana sawa tena. Viti vikawa 23. Hizbu na ZPPP nao walikuwa wamejifunza. Januari walikuwa wameshindana wenyewe kwa wenyewe na kugawana kura. Safari hii walikubaliana: penye nguvu huyu, yule hasimamishi mgombea. Mbinu hiyo haiongezi hata kura moja nchini, lakini inazipeleka kura zilizopo mahali zinapohitajika.

Tarehe 1 Juni watu wakapiga kura. ASP walipata karibu nusu ya kura zote za visiwa vyote viwili. Kwa viti wakabaki pale pale, 10. Hizbu wakapata 10, ZPPP wakapata 3. Washirika wakawa na 13, na Mohammed Shamte wa ZPPP, chama kilichokuwa kidogo kuliko vyote vitatu, akawa waziri kiongozi.

Siku hiyohiyo ya kupiga kura vurugu zilianza mjini Unguja, zikaenea mashamba siku zilizofuata. Watu 68 waliuawa. Walioathirika zaidi walikuwa Waarabu waliokuwa wakiishi mashamba, wengine wakiwa wenye maduka madogo na familia zao. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi.

Julai 1963 ulifanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vilikuwa vimeongezwa kufikia 31. ASP walipata asilimia 54 ya kura, zaidi ya kura 87,000. Hizbu walipata asilimia 30 na ZPPP asilimia 16. Kwa viti: ASP 13, Hizbu 12, ZPPP 6. Upande uliopata kura nyingi ukakaa upinzani, na upande wenye viti 18 ukaunda serikali.

Ni Chama cha Mtungi na Chama cha Kinu vilevile. ASP walikuwa wakishinda kwa wingi mkubwa kwenye ngome zao za Unguja, hasa Ng'ambo na mashamba, ambako Sheikh Abeid Karume alikuwa amemshinda kiongozi wa Hizbu, Ali Muhsin, kwa tofauti kubwa tangu uchaguzi wa 1957. Pemba, ambako kulikuwa na ushindani wa kweli na ambako ZPPP walikuwa na mizizi, washirika walichukua viti vingi zaidi kwa kura zilizopangwa vizuri.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ilipinduliwa. Muungano na Tanganyika ukafuata tarehe 26 Aprili.

Je, majimbo ndiyo yaliyoleta mapinduzi? Hapana, si peke yake. Kulikuwa na suala la ardhi, la kazi, la ubaguzi, la jinsi ukoloni ulivyowapanga watu kwa makabila na rangi, na wanahistoria bado wanabishana ni lipi lilikuwa zito zaidi. Lakini serikali inayoingia ikiwa na kura chache kuliko wapinzani wake inahitaji kuaminiwa zaidi ya serikali nyingine yoyote, na Zanzibar ya 1963 haikuwa na akiba ya kuaminiana. Uingereza ya 1951 ilikuwa nayo. Labour walilalamika, wakakaa upinzani miaka 13, wakarudi. Utaratibu mmoja, hesabu moja, matokeo mawili tofauti kabisa.

Jirani yao Tanganyika hakukutana na mtihani huo. Uchaguzi wa 1960 TANU walichukua viti 70 kati ya 71. Palipo na ngome tupu hakuna jimbo la kuamua, kwa sababu kila kitu kimeamuliwa.

NANI ANACHORA MSTARI

Ikiwa kura 11 zinaweza kubadilisha serikali, basi mstari unaopita katikati ya kijiji chenye watu 300 una nguvu kuliko mkutano wa hadhara. Ukikihamisha kijiji hicho kutoka jimbo moja kwenda jingine, hujabadilisha mawazo ya mtu yeyote, lakini huenda umebadilisha mbunge wa majimbo yote mawili.

Ndiyo sababu ugomvi wa mipaka huwa mkali kila nchi. Uingereza sheria inataka majimbo karibu yote yawe na wapiga kura takriban 73,000, yasizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 5. Visiwa vichache vimeachwa nje ya kanuni hiyo kwa sababu ya bahari. Kenya, Katiba ya 2010 inaruhusu tofauti kubwa zaidi ya idadi ya watu: asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko. Sababu ni ya haki, maana mbunge wa Turkana hawezi kufananishwa na wa Nairobi kwa umbali anaotembea. Lakini maana yake pia ni kwamba kura ya mtu mmoja inaweza kuwa na uzito kuliko ya mwingine.

Tume inapotangaza mapitio ya mipaka, hutoa muda wa wananchi kutoa maoni. Mikutano hiyo huwa mitupu. Wanasiasa hawaikosi.

NA KWETU LEO?

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Kenya, Tanzania na Uganda zinamchagua rais moja kwa moja. Kura za rais zinajumlishwa nchi nzima, kwa hiyo kura ya ngome na kura ya jimbo la kuvutana zina uzito uleule. Tanzania anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye rais. Kenya lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka nusu kwa asilimia 50.07. Kura zilizomvusha hazikutoka jimbo moja. Zilitoka kila mahali aliposimama mtu foleni.

Kwa hiyo ukiambiwa "kura yako ya rais haina maana kwa sababu hapa ni ngome ya fulani", umedanganywa.

Kwa wabunge hesabu inarudi kuwa ileile ya Mtungi na Kinu. Na bunge si jambo dogo. Bajeti inapita huko. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili, kwa hiyo majimbo machache ya ushindani mkali yanaweza kuwa ndiyo yanayoamua kama chama kinaweza kuigusa Katiba peke yake au lazima kizungumze na wengine.

Tanzania kuna jambo la ziada ambalo halisemwi sana kwenye kampeni. Wabunge wa viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa vyama kwa kufuata uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5. Maana yake ni kwamba hata jimboni ambako mgombea wako hana tumaini la kushinda, kura yako ya ubunge inaongeza hesabu ya chama chake kwenye viti hivyo. Si kura iliyotupwa.

UKISIKILIZA MATOKEO REDIONI

Usiku wa matokeo watangazaji wanasoma jina la jimbo, jina la mshindi na kura zake. Wengi wetu tunaishia hapo. Chukua kalamu uandike na kura za mtu wa pili, kisha utoe. Tofauti ile ndiyo habari. Jimbo lililoamuliwa kwa kura 12,000 litakuwa kimya kwa miaka mitano. Lililoamuliwa kwa kura 60 litakuwa na mikutano kabla ya mwaka kwisha.

Linganisha pia tofauti hiyo na idadi ya kura zilizoharibika. Mara nyingine kura zilizokataliwa, kwa sababu mtu ametia alama penye wagombea wawili au ameandika jina lake kwenye karatasi, ni nyingi kuliko tofauti ya mshindi na aliyemfuata. Kila moja ilipigwa na mtu aliyeamka alfajiri.

Na si mpiga kura peke yake anayekosea. Winchester, Uingereza, Mei 1997, mgombea wa Liberal Democrats alishinda kwa kura 2. Karatasi zaidi ya 50 zilikuwa zimekataliwa kwa sababu hazikuwa na muhuri rasmi. Karani kituoni alipaswa kuugonga, hakuugonga. Aliyeshindwa akaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru uchaguzi urudiwe. Novemba mwaka huohuo watu wa Winchester walipiga kura tena. Safari hii yule aliyeshinda kwa kura 2 alishinda kwa kura 21,556.